Hulka Waliyoniandikia Kwenye Faili

Swahiba, upo? Nimetoka ofisini sasa hivi. Meneja kaniwekea karatasi nisaini. Imeandikwa: "Ana hulka ya kuacha mashine kila saa kwenda kusukuma lango."

Hulka! Neno zito hivyo la nini kwa mshona magodoro?

Nikamuuliza karani, "Dada, hulka ndiyo nini?" Akasema, "Asili yake Kiarabu, baba, inatokana na kuumba. Ni tabia uliyoumbwa nayo." Meneja akadakia, "Umesikia, mzee? Saini tu. Hakuna anayekulaumu."

Hakuna anayekulaumu! Tangu lini wale wakanionea huruma? Nikisaini, nimekiri kuwa nina kasoro ya kuzaliwa. Kesho wananifukuza.

Wewe ulikuwa kwenye mashine ya pili, unajua. Miaka ishirini sikuwahi kuligusa lango lile. Nilianza baada ya siku ile walipolitia kufuli mpaka zamu iishe, mama watoto anakata roho nyumbani, nami nagonga, nagonga.

Nimemrudishia meneja kalamu yake. Nimemwambia, "Mungu hakuniumba hivi, bosi. Andika hapo jina la aliyefunga."