Taa ya Tangi Nimeizima

Baba,

Ambakisye yuko rumande. Naanzia hapo kwa sababu najua ungeuliza. Yule yule uliyevua naye katika mtumbwi mmoja tangu sijazaliwa, akakupasua kichwa kwa kafi kwa ugomvi wa wavu uliochanika. Wavu, baba. Kila nikikumbuka nasaga meno mpaka taya zinauma.

Habari za samaki wako ni mbaya.

Tulipokuzika, shangazi alikataza kuzima taa yoyote mpaka matanga yaanuliwe. Nikamwambia ya tangi la samaki ulikuwa ukiiwasha saa nne asubuhi na kuizima jioni, basi. Akasema nyumba ya msiba haikai giza. Ikawaka usiku na mchana, mwani ukanenepa, na siku ya tano maji yalikuwa kijani kama yaliyochemshiwa kisamvu. Samaki hawaonekani.

Siku hiyo hiyo Lusajo, mtoto wa Ambakisye, alikuja kutoka Ngonga na gunia la mchele wa waombolezaji. Nililimwaga matopeni. Nikaokota nusu tofali nikampiga nalo usoni. Juu ya jicho pakapasuka, damu ikamtiririka mpaka kwenye kola. Hakuinua mkono. Hilo ndilo lililonitia wazimu, nikataka nimwongeze, wanawake wakanishika.

Basi hasira nikaihamishia kwenye tangi. Nilitoa mawe yote, nikayasugua kwa stilwaya mpaka mwani ukaisha kabisa, nikayarudisha ovyo ovyo. Ungekuwepo ungenizaba kibao. Kila samaki alikuwa na pango lake na jiwe lake la kula mwani, na mimi nimewavunjia nyumba na kuwanyang'anya chakula. Asubuhi yule dume wa bluu uliyemwita Mwenyekiti alikuwa amewatoboa wenzake macho na kuwararua mapezi. Watano walikuwa wanaelea, na yeye anawadonoa. Nikachukua mchi nivunje kioo, nimponde na yeye.

Mchi ukiwa juu nikakumbuka maneno yako, ile mara tulipokwenda harusini Ndandalo nikasahau kuzima: "Mwani hauna kosa, Atupele. Kosa ni la aliyeacha taa."

Lusajo hakushika kafi.

Nikashusha mchi. Nikazima taa mchana kweupe, shangazi akitazama, nikalifunika tangi kwa blanketi lako, nikaacha pampu ya hewa tu. Alisema naleta uchuro. Nikamjibu kwamba matanga yangu nimeshayaanua. Siku tatu za giza, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilipofunua, maji yalikuwa yametakata. Wamebaki wanne, na Mwenyekiti, Mungu anisamehe, ni mmoja wao.

Jumamosi Lusajo alirudi, bandeji juu ya jicho, ndoo mkononi. Ndani mlikuwa na mawe mawili ya ziwani Matema yaliyojaa mwani. Alisema "pole, dada" tu. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kunyoosha mikono. Nikampokea ndoo.

Nakuahidi taa itawaka saa nne na kuzimwa jioni, kila siku. Kesi ikitajwa nitakwenda kumkodolea macho Ambakisye, maana namchukia na sitakuficha. Mwanawe sitamgusa tena.

Ndaga, asante, baba. Lala sasa, nyumba ina giza.

Atupele wako