Kokoto za Kijani Kwenye Tairi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kile kikohozi cha vumbi ulichomtajia dereva wa lori la machimboni kimekuacha, na viatu vyako bado vina soli. Huku sote hatujambo. Mama angekusalimu kama angejua nakuandikia. Shangazi naye angekusalimu, kisha angeuliza kama hatimaye umeota ndevu. Mimi mwili ni mzima, ila siku hizi siwezi kutulia mahali pamoja. Hata kabla ya kufika mstari huu nimeshainuka kwenda getini na kurudi, na hakuna mtu ninayemngoja.

Ningekupigia simu, lakini yako haipatikani tangu uende huko machimboni, na unanijua. Kwenye simu nikiulizwa habari nasema nzuri, kisha maneno yananiishia. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta, ndiyo maana mnaniita Karatasi. Dereva wa lori amekubali kukupa barua hii mkononi. Nakuomba uisome yote kabla ya Jumamosi, pamoja na sehemu ya matairi, maana najua utataka kuiruka.

Ndiyo, matairi. Yale ya zamani ya pikapu yalikuwa yamebaki vipara kabisa. Shangazi alisema yanang'aa kuliko kichwa cha mwalimu wangu mkuu. Basi Baba akaniita kwenye karakana yake ya makochi, akafuta gundi mikononi, akaniambia kwamba kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba hii, nikamtafutie shuleni ni matairi ya aina gani yanatufaa. Kaka, hakuna aliyewahi kuniomba kitu kama hicho. Nilitumia mapumziko yangu yote maktaba. Mwalimu wa maktaba aliniuliza kama nimeamua kuacha shule niwe dereva, nikacheka tu kama mjinga.

Tulikwenda dukani kwa Bwana Upepo, yule muuza matairi anayeongea huku akipiga tairi makofi kama anambembeleza mtoto. Nilisimama katikati ya duka, nikamweleza Baba yote niliyosoma. Nikasema matairi ya lami ni matulivu na hayamalizi mafuta. Ya tope yana meno kama ya mamba, hayo tuwaachie wenye mashamba. Ya njia zote yako katikati: yanapita kwenye mawe na tope la kiasi, na ukipunguza upepo kidogo yanashika ardhi vizuri zaidi, lakini kwenye lami yananguruma, usukani unakuwa mzito na tangi linakauka upesi. Nikamalizia kwamba sisi kazi yetu ni kupeleka makochi mjini, kutoka mlango hadi mlango, lami tupu, kwa hiyo matairi ya lami yanatutosha.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema nimesoma vizuri sana. Kisha akamgeukia Bwana Upepo, akamwambia afunge yale ya njia zote.

Bwana Upepo mwenyewe alishangaa. Alimuuliza Baba kama siku hizi nyani nao wananunua makochi. Baba akajibu kwamba mwaka huu mvua itakuwa kubwa, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Niliumia, sikufichi. Nilijiona kama nimetumwa dukani kununua chumvi, nikarudi nayo, ikamwagwa nyuma ya nyumba.

Mama alipoyaona hakuumia, yeye alikasirika. Alisema gari sasa linafanana na mtu mfupi aliyevaa viatu vya kazi vya baba yake. Na kweli, kuishi na matairi hayo kuna kazi yake. Ukikata kona yote kwenda kulia, meno yanakwaruza madigadi, ikabidi Baba achukue kisu cha kukatia sponji apunguze plastiki. Mteja mmoja alilalamika kwamba kochi lake limefika likiwa limechoka kuliko yeye. Kelele nayo! Gari likiwa bado barabara kuu tunasikia mngurumo kama mzinga wa nyuki unaokuja, Mama anabandika chai, na majirani wanavuta watoto wao pembeni. Mama husema kwa mume mwenye gari kama lile mke hana haja ya kuuliza yuko wapi.

Lakini alikosea hapo, na mimi ndiye niliyejua kwamba amekosea.

Matairi yale yana nafasi pana kati ya meno, na mawe hunasa humo. Yakiachwa yanakula mpira, tena yanagonga gonga chini ya gari. Baba alinipa kazi ya kuyatoa jioni. Nakaa kwenye stuli na bisibisi bapa, nazunguka tairi baada ya tairi. Ni kazi inayonifaa, maana mikono ina shughuli na hakuna anayenisemesha. Siku za kawaida nilitoa changarawe za mjini, vipande vya chupa, mara moja kifungo. Ila Jumamosi, siku ambayo Baba husema anakwenda kuangalia mbao, nilikuwa natoa kokoto za kijani zenye chembe zinazometa.

Unakumbuka lile jiwe ulilompa dereva wa lori aniletee, la kushikilia kurasa zangu dirisha likiwa wazi? Ulisema ni la mlima wenu na halipatikani kwingine. Nilichukua kokoto moja ya kwenye tairi nikaiweka pembeni yake mezani. Kaka, zilikuwa mama na mtoto.

Nilijiambia labda lori limemwaga mzigo barabarani, Baba akapita juu yake. Jumamosi iliyofuata kokoto zikawapo tena, zimeshikwa na udongo mwekundu ambao huku kwetu haupo. Tangu hapo ndipo nilipoanza kutotulia. Darasani namsikiliza mwalimu kwa sikio moja, lingine linatafuta mngurumo. Nafungua kitabu, nasoma ukurasa, namaliza, sijui nimesoma nini. Mama alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mwishowe nilimwomba Baba nifuatane naye kuangalia mbao. Alisugua sikio kama afanyavyo akitajiwa bei asiyoitaka. Akasema njia ni mbaya. Nikamwambia matairi ni mazuri. Akacheka kidogo, akaniambia nipande.

Lami ilipokwisha, alisimamisha gari, akashuka na kijiti, akaanza kupunguza upepo kwenye kila tairi huku akitega sikio. Nilimuuliza nani amemfundisha. Akasema si wewe, pale dukani? Kumbe alikuwa amesikia kila neno. Alijua kabisa nilichokuwa namshauri, ila hakuweza kuniambia kwamba barabara aliyokuwa anaifikiria yeye si ile niliyokuwa naifikiria mimi.

Sasa nakuambia jambo ambalo nimeombwa nisikuambie. Baba hakwenda kuangalia mbao. Alikwenda mpaka kwenye ile kona iliyo juu ya geti lenu, pale mtu anapoona mashine ya kusaga kokoto yote kutoka juu, akazima injini. Tulikuona. Ulikuwa umekaa na wenzako kwenye kivuli cha lori, umevua kofia ngumu, unakula, na jambo fulani lilikuwa linawachekesha. Baba alikutazama mpaka mlipomaliza. Nikamwomba tushuke. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyekuambia utoke, tena mbele ya watu, sasa ashuke akakuambie nini. Akasema umenenepa kidogo, afadhali. Akawasha gari tukaondoka. Kila Jumamosi anafanya hivyo. Barabara ile, kaka, matairi vipara yasingefika hata nusu yake.

Aliniomba nisimwambie Mama, kwa sababu Mama alimwambia tangu mwanzo akufuate, naye akaapa hatakufuata. Akaniomba nisikuambie wewe pia, nikasema sawa, Baba. Kwa hiyo barua hii ni uongo wangu wa kwanza kwake, na sijui nitamtazamaje akijua.

Ila kuna jambo la pili, na hilo hakuniomba nilifiche, maana hajui kwamba nimeliona. Nyuma ya pikapu, chini ya turubai, kulikuwa na kiti. Kiti kimoja, si seti. Shangazi amekuwa akikilalamikia kwa wiki nyingi. Anasema amekishonea kitambaa kizuri kuliko vyote, mteja hana jina, na kila Jumamosi kinapakiwa, kila Jumamosi kinarudi, kama mtoto anayefukuzwa shule. Tuliposimama kwenye kona, Baba alishuka akafungua kamba za turubai. Baadaye, kabla ya kuondoka, akazifunga tena.

Sipendi kukurudisha kwenye siku ile mteja alipokuja kulalamika kwamba kochi lake linalia kila mtu anapokaa, nawe ukamwambia, Baba akisikia, kwamba mbao zilipigwa misumari zikiwa mbichi. Sisi sote tulijua ni kweli. Baba pia alijua, ndiyo maana akakuambia ukatafute watu wenye mikono misafi kuliko yake. Lakini nataka ujue kwamba tangu uondoke hakuna ubao unaoingia kazini bila kukaa darini kwanza. Wateja wanasubiri, wengine wanaondoka, Mama anahesabu wanaoondoka. Baba anapanda ngazi, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anashuka. Ule wa kwanza kukauka ndio uliotumika kutengeneza kile kiti.

Nimekuandikia kwa haraka kwa sababu Mama amechoka na gharama za mafuta. Amezungumza na Bwana Upepo, naye amekubali kuyachukua matairi yale na kutupa ya lami, yale yale niliyoyapendekeza mimi na kujivunia. Baba amekubali. Alisema tu kwamba apewe Jumamosi hii, kuna mbao anataka kuziangalia kwa mara ya mwisho. Mvua zimeshaanza upande wenu, dereva wa lori anasema njia inazidi kuharibika. Pikapu ikivuliwa matairi hayo, Baba hatafika kwenye kona ile tena, na mimi namjua, hatatafuta njia nyingine. Atakaa karakanani na kiti chake.

Kwa hiyo Jumamosi, mashine ikizimwa ili mle chakula, usicheke sana na wenzako. Tega sikio. Barabara ni ya udongo, mngurumo hautakuwa mkubwa kama wa huku, lakini utausikia, kisha utazimika ghafla pale juu. Sikuombi umwombe radhi, wala usimngoje yeye akuombe. Panda tu mpaka kwenye kona. Ukifika hatajua aseme nini, atajifanya anakagua matairi. Mwache ayakague. Wewe zunguka nyuma, fungua turubai, ukae kwenye kiti, kisha jitikise kwa nguvu kama ulivyokuwa ukifanya karakanani kujaribu viti vya watu.

Hakilii. Nilikijaribu yeye akiwa getini anaongea na jirani.

Mtunze huyo dereva wa lori, ni mtu mwema, tena mpe chai. Wasalimie wenzako wa kwenye kivuli ingawa hawanijui. Shangazi bado anakutunzia ile sindano yako ndefu, hataki mtu aiguse. Jiwe lako liko juu ya karatasi hii ninapoandika, maana dirisha liko wazi na mimi nimeinuka tena.

Ni mimi mdogo wako,
Karatasi