Povu kwenye mpira wa gesi

Jumapili, Bangwe

Bado nina hasira na shemeji Hamisi. Amekuja na migebuka, samaki wabichi kabisa, kutoka kwa wavuvi mwaloni, akataka tuichome kwenye lile jiko la gesi la marehemu kaka yake, Baba Neema, pale uani. Hakuna aliyeligusa tangu tumzike.

Alipofungua tu mtungi, nikasikia harufu. Hamisi akatoa kiberiti.

"Tulia, shemeji. Nikipitisha moto kidogo tutaona panapovuja."

Nilimpokonya kiberiti mbele ya watoto, nikafunga mtungi. Yaani nimzike na yeye?

Baba Neema hakuwahi kuwasha jiko lile kabla ya kuupaka mpira povu la sabuni. Nilikuwa namcheka, namwambia anauogesha kama mtoto mchanga. Dodoki lake nimelikuta palepale chini ya jiko, limekauka, gumu kama gome. Nililoweka, nikapaka kama alivyokuwa akipaka, kisha nikafungua mtungi kidogo sana. Karibu na kibano cha mpira, povu likaanza kuvimba.

Nilifurahi. Kweli nilifurahi, nikageukia mlango wa nyumba nikaita kwa sauti, "Baba Neema, nimepaona! Panavuja hapa!"

Watoto wakageuka kuutazama mlango. Hamisi akainamisha kichwa.

Nilifunga mtungi. Mpira mpya nitaufuata sokoni Mwanga. Migebuka tumeichoma kwa mkaa, sijui hata ilikuwa na ladha gani.

Kabla hatujawasha huo mkaa, nilikuwa bado nimeshika dodoki pale Neema aliponisogelea, akanishika mkono uliojaa sabuni.

"Mama," akasema, "mimi nimekusikia."