Tembo wa Saba

Jumamosi, Voi. Upepo mkavu tangu asubuhi, vumbi jekundu hadi kwenye vitufe vya kompyuta. Sina raha.

Mama alishuka kutoka Sagalla kwa bodaboda kuja kuona gemu yangu. Nilikuwa nimemwambia ni ya kuwafundisha watoto wa shule jinsi ua wa mizinga unavyolinda shamba: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anakimbia. Ni kweli.

Si kweli yote.

Tembo wangu walizunguka tu, hawakuukaribia ua. Mama alicheka. "Mghoi, hawa wamenenepa hivi? Hawajui kiangazi?"

Nikataka kurekebisha mbele yake. Katika lugha ya skripti ninayotumia, huhitaji kumtafuta kila tembo peke yake. Unaandika mstari mmoja, unaitaja aina, na unaletewa orodha ya vyote vya aina hiyo vilivyomo kwenye gemu. Kisha unakipa kila kimoja amri. Nikaandika "tembo". Amri: nenda kwenye waya.

Orodha ikasema saba. Kwenye skrini walikuwa sita.

Nilijua. Lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Mstari ule hauulizi kama kitu kinaonekana. Mwaka jana, baada ya kumzika Baba, nilitengeneza tembo mwenye pembe ya kushoto iliyovunjika, kama yule aliyemuua shambani. Kila nikitoka kazini nilimpiga risasi. Akianguka, namwinua, nampiga tena. Mwezi mzima. Mwishowe nilijionea aibu, ila sikumfuta. Nilimshusha chini ya ardhi, nikalitandaza shamba juu yake, nikajiambia ameondoka.

Leo alipanda kutoka udongoni, katikati ya mahindi, mbele ya Mama.

"Ni yeye," akasema. Akasogea karibu na skrini. "Mbona yuko na matundu?"

Nilimwambia yote. Sikuweza kumtazama.

"Na ukishampiga, ulikuwa unapata usingizi?"

"Hapana, Mama."

"Hata mimi sipati." Akakunja leso yake polepole, akaikunjua tena. "Basi na yeye mfundishe kuogopa nyuki. Wenzake wafunzwe, yeye aachwe arudi shambani kwa nani?"

Aliondoka jua likiwa bado kali. Hakutaka chai.

Nimekaa hapa tangu hapo. Nimeandika mstari ule ule, nikaletewa saba wale wale. Nikaandika "futa" mbele ya yule wa saba. Nikalitazama neno hilo muda mrefu. Nikaliondoa.

Nimewapa wote saba woga wa nyuki. Waligusa waya, nyuki wakatoka, wakakimbia. Yule wa pembe iliyovunjika alikuwa wa mwisho kuvuka korongo lililo nyuma ya shamba, na matundu yake yote.

Je, nimemwachilia, au nimempeleka tu mbali na macho yangu kwa mara ya pili?

Sijui. Ila nikiwasha kompyuta asubuhi, atakuwa juu ya ardhi, na nitamwona.