Sinia Moja

Shangazi yangu, shikamoo. Huku tu wazima, ila paa la jikoni linavuja na fundi wa mabati kila siku ni kesho, kesho.

Nimeanza kusoma Kiingereza kazini, baada ya zamu ya kufua. Usinicheke! Mwalimu anasema kwa Kiingereza wali hauhesabiki, wala mkate. Sahani na watoto ndio wanaohesabika. Nikafanyia mazoezi mezani: sahani nne, watoto wanne. Wa nne ni binti wa marehemu wifi yangu, tunaye tangu msiba. Nampakulia sawa na wenzake, lakini kila asubuhi namkuta kaficha mkate chini ya mto.

Hapo nikakukumbuka. Nilipoletwa kwako yatima, ulitulisha sote sinia moja, wala hakuna aliyejua nani kala kiasi gani. Miaka yote nikidhani huna sahani za kututosha. Kumbe kabati lako lilijaa sahani, shangazi, nami ndiye niliyekuwa nikizipangusa vumbi!

Juzi nimenunua sinia. Leo nimetandika kitanda cha binti, chini ya mto hamna kitu.

Asante, mama.

Mwanao wa sinia