Mtu wa Koti Hemani Kwetu

Fardosa, abaayo, dada yangu,

Ninakuandikia nikiwa ofisini kwa chama chetu cha wanafunzi, kile chumba kidogo nyuma ya maktaba ulichowasumbua wakubwa wa chuo mpaka wakatupatia. Mlango nimeufunga kwa ndani. Ni mchana, jua linawaka, wanafunzi wanapita nje wakiongea, na mimi nimejifungia. Tangu wiki iliyopita kuna mtu ananipigia simu kwa namba nisiyoijua. Nikipokea hasemi kitu. Nasikia anavyopumua, nasikia mbuzi kwa mbali, halafu anakata.

Wewe ndiye niliyezoea kumwambia ninapoogopa. Hawa walioko sasa ninawaongoza, na siwezi kuwaambia haya.

Ndiyo, walinifanya mwenyekiti. Baada ya msiba tulikutana, wanafunzi wote wa uzamili wa ustawi wa jamii, na kiti chako kikabaki wazi pale mbele. Hakuna aliyetaka kukikalia. Yussuf, mweka hazina wako, akasema, "Mwende alikuwa katibu wake. Anajua kazi." Wakapiga makofi kidogo, upesi, kama watu wanaotaka kwenda nyumbani. Nilikuwa nimelia mpaka sina nguvu ya kukataa.

Mengine ya chama nayaweza. Tuliwakaribisha wanafunzi wapya kwa chai ya maziwa ya ngamia kama ulivyopenda, na kijana mmoja wa Nairobi akauliza yule dada kwenye picha ukutani ni nani. Nilitoka nje, Yussuf ndiye aliyemjibu. Bado tunakaa kusikiliza mapendekezo ya utafiti na kuyakosoa, na bado watu wanagombana kuhusu rangi ya fulana za chama. Hayo hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni hema.

Unakumbuka wote walivyokuona wazimu uliposema chama kiwe na hema sokoni? Tuende soko la mifugo kila Jumatano, ulisema, tutandike mkeka, tuweke chupa ya chai, na mwenye uchungu wake aje akae. Hatutampa chakula wala hatutamwandikisha popote. Tutamsikiliza tu. Mhadhiri mmoja akasema watu wa huku hawaambii wageni mambo yao. Ukamjibu, "Mimi si mgeni." Na wakaja. Wafugaji walioachwa na fimbo tu baada ya ukame, mama ambaye mwanawe alikwenda Nairobi akanyamaza, wazee waliokuja kwa ajili ya chai wakaishia kulia. Wewe ulizungumza nao Kisomali, mimi nikimimina. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kumimina, na kuangalia huku na huku nani anakuja.

Ulinicheka kwa hilo. "Mwende, wewe unaogoba mbaka bunda," ulisema, p zako zote zikiwa b, kwa sababu ya yule punda aliyelia nyuma yangu pale langoni nikatupa vitabu vyote. Ukalirudia mbele ya mama yako, ukalirudia kwa wenzetu, mpaka likawa jina langu. Sasa hakuna anayeniita hivyo. Sikujua kama ningelikosa.

Ulipokufa niliendelea na hema, kwa sababu nilishindwa kuwa mtu aliyelifunga. Yussuf akachukua nafasi yako ya kuongea. Halafu akaja mtu wa koti.

Nikuambie alivyokuwa. Alivaa kikoi na kilemba kama watu wa malori, na juu yake koti zito, jeusi, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Joto lile la Garissa, abaayo, mbwa hata kivulini wanahema, na yeye na koti. Alisimama mbali, karibu na zizi la ngamia, akinitazama mimi. Si Yussuf wala wenzetu. Mimi. Nilipoinua macho hakugeuka.

Jumatano iliyofuata alikuja karibu zaidi, akakaa pembeni mwa mkeka. Yussuf akamsalimu kwa Kisomali, hakujibu. Nikampa chai, nyingine ikamwagika mkekani. Hakuigusa. Mikono yote miwili alikuwa ameiingiza ndani ya koti. Nilikuwa nikijiambia, akitoa mkono nitakimbilia wapi, ng'ombe wamejaa upande huu na lori upande ule. Alikaa mpaka tulipokunja mkeka, akaenda zake.

Unajua hapa mtu wa bara anavyoishi. Siku hiyohiyo kwenye kundi la simu la walimu wa bara tulioletwa kufundisha hapa, ambamo nimo tangu kabla ya uzamili, kulikuwa na onyo la mashambulizi, lile la kila mara, kwamba watu wa nje tukae macho, tusiende penye watu wengi. Sikujua limeandikwa na nani. Lakini nililisoma nikiona lile koti.

Tukaitisha mkutano wa chama. Wengi walitaka hema lifungwe. Yule kijana wa Nairobi akasema, "Chairlady, hatukuja kusomea kufa." Yussuf alitaka tupige ripoti kituoni. Mimi nikiwa mwenyekiti nilitakiwa kuamua, na nilitaka kusema tufunge, neno lilikuwa mdomoni kabisa. Halafu nikafikiria tukimshtaki mtu polisi kwa kukaa mkekani na koti, nani atakaa tena mkekani petu. Nikasema anayeogopa asije, mimi nitakwenda. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika meza.

Alikuja tena. Yussuf alikuwa ameitwa na wazee kwenye hema la jirani. Nilikuwa peke yangu. Yule mtu akasogea mpaka karibu yangu, akatoa mikono, mitupu, akanisemesha kwa Kikamba.

Cha kwetu, Fardosa. Cha Mwingi kabisa, kama cha wajomba zangu. Alisema, "Dada, nilisikia wewe ni wa nyumbani. Mimi ni Mutua. Ni mimi niliyekuwa na lori pale Modogashe."

Sikukimbia. Mwili ulikataa. Nilimtazama mdomo tu ukienda. Alisema hakuna kilichoharibika kwenye lori, breki zilikuwa nzima. Alikuwa ameendesha kutoka mbali na mbuzi, hajalala, akasinzia kufumba na kufumbua, na wewe ulikuwa umeshuka kwenye basi unavuka kununua maziwa. Alisema tangu siku ile anasikia baridi, hata juani, na amekwenda hospitali hawaoni kitu. Kesi iko kortini na ataibeba. Mwenye lori na wazee wake walikaa na wazee wenu, wakamaliza ya kwao kwa mila. "Lakini mimi hakuna aliyeniita," alisema. "Mama yake hajaniona uso. Nipeleke kwake."

Nilikuchukia kidogo wakati huo, nisamehe. Nilijiuliza kwa nini hukuwahi kutufundisha la kufanya mtu wa namna hii akikaa mkekani.

Nilimwambia Yussuf. Akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha, "Mwende, unajua unaomba nini?" Akaenda kumwona abti wako, yule mjomba aliyesimamia mazishi yako. Akarudi na jibu. Waje nyumbani baada ya swala ya Ijumaa. Mama amekubali. Lakini mzee alisema hawezi kuwajibia vijana.

Vijana ni Hassan. Sote tulijua. Kaka yako aliyesema hadharani kwamba dereva alikuacha barabarani kama mbuzi akakimbia.

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile ya kuingia bula yenu, mtaa wenu, ingawa nimeipita mara nyingi tukienda kula kwa mama. Yussuf mbele, Mutua katikati, mimi nyuma. Watu walikuwa wamekaa nje na walijua. Hakuna aliyetusalimu. Mtoto mmoja alianza kutufuata, mama yake akamvuta ndani na kufunga geti. Nilikuwa nikifikiria nimemleta mtu wa kwetu auawe, au nimeiletea nyumba yenu msiba wa pili. Nilishindwa kujua ni lipi baya zaidi.

Mama yako alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. Amekonda. Abti alikaa kulia kwake. Hassan alisimama mlangoni, nasi tukalazimika kupita ubavuni kwake ili tuingie.

Mutua alipiga magoti. Akaeleza yote kama alivyonieleza, safari hii kwa Kiswahili, na Yussuf akatafsiri. Alipofika kwenye kusinzia Yussuf alisita, nikafikiri atalipunguza. Hakulipunguza.

Hassan akasema, "Na ukakimbia."

"Nilikimbilia polisi watu walipookota mawe," Mutua akasema. "Lakini si mara moja. Kwanza nilishuka nikamshika kichwa. Nilikaa naye."

Hilo hatukulijua, Fardosa. Wote tuliamini ulikuwa peke yako. Mama yako akainua macho kwa mara ya kwanza na kuuliza kitu kwa sauti ndogo sana. Yussuf akakitafsiri: "Alisema nini?"

"Alisema maneno ya kwenu. Maneno ya msikitini. Alikuwa akiyarudia."

"Yaseme," mama yako akasema.

Mutua akaniangalia mimi kana kwamba naweza kumruhusu. Kisha akayasema. *La ilaha illa Llah.* Aliyakata vibaya, pumzi mahali pasipo pumzi, lakini yalikuwa yenyewe, na sisi sote mle ndani tuliyajua. Akasema uliyarudia mpaka sauti ikaisha, midomo ikaendelea.

Mama yako akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani. Hakupiga kelele. Mabega tu. Abti akawa anasema *alhamdulillah* chini chini, tena na tena. Halafu nikasikia Hassan anatoka, hatua za haraka uani, kitu cha chuma kikagonga chini, na nikajua anakwenda kuchukua panga. Nilisogea mbele ya Mutua. Sijui kwa nini. Mimi ninayeogopa punda. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nimefumba macho.

Hassan alirudi na jagi la maji. Akaliweka mbele ya Mutua pamoja na kikombe, bila kumtazama, akarudi kusimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umelowa.

Baadaye mama yako alizungumza. Alisema ya korti ni ya korti. Alisema kusamehe atasamehe polepole na mtu asimharakishe. Alisema pia kwamba tangu siku ile alikuwa akijiuliza swali moja tu na hakuwa na wa kumuuliza, na sasa ameacha kujiuliza. Mutua alilia kwa sauti njia nzima ya kurudi. Watu walimwangalia, wakatupisha.

Sitaki ufikirie mambo yameisha vizuri. Habari imezunguka soko lote. Wako wanaosema nimemwingiza muuaji nyumbani kwa mama yako kwa kuwa ni wa kabila langu. Wako wa kwetu wanaosema nimemuuza mtu wetu. Ndipo simu zikaanza. Yussuf anasema ni mjinga fulani, atachoka. Hassan alikuja hapa jana, akasimama nje ya ofisi, akasema Jumatano atakuja kunywa chai hemani. Alinisemesha kama mtu anayemwambia jirani kwamba mvua inakuja, lakini nilielewa kwamba anataka watu wamwone amekaa hapo.

Nitakwenda Jumatano. Sijapata ujasiri, usijidanganye kwamba nimepata. Nitaangalia huku na huku kama kawaida yangu, na nitamimina.

Kuna jingine. Mama yako ameniomba kitu. Ulizikwa Modogashe jioni ileile, kabla hatujafika, na hajawahi kuiona barabara uliyokuwa unaivuka. Anataka kuiona. Hataki kwenda na kaka zako, anasema watamzuia kulia. Anataka niende naye mimi.

Ile barabara naiogopa kuliko simu, kuliko koti, kuliko chochote. Malori huja kutoka pande zote pale kwenye makutano, hayapunguzi, na nikifumba macho nayaona. Nilimjibu ndiyo kabla sijafikiri.

Basi lala, abaayo. Allah akurehemu, nasema kwa maneno ya kwenu, na kwa ya kwetu nakuombea kila Jumapili, padri hajui. Jumamosi tutashuka kwenye basi, mimi na mama yako. Atataka kuvuka kwenda upande wenye maziwa, najua atataka. Nitamshika mkono, nitaangalia pande zote mbili mpaka anichoke, na sitamwachia mpaka tufike ng'ambo.

Wako,
Mwende