Nilichomwambia Askari wa Hifadhi

Mama yangu,

Nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe, unanijua. Kwa hiyo naingia moja kwa moja: nataka kuzungumza juu ya ile safari yetu ya Maine.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na saba, ulipokuja kututembelea huku Adelphi, Marekani. Nilikodi gari, tukaondoka alfajiri: wewe, mimi na binti yangu Amina, wakati ule ana miaka saba, anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Wenzangu wa kazini Rockville, tunaotunza wazee majumbani mwao, walinicheka. Mtu wa Jambiani, pwani ya Unguja, anaendeshwa siku nzima kwenda kuonyeshwa bahari! Nikawaambia hii ni bahari ya hifadhi ya taifa, ina mpaka vibao vya maelezo.

Nilichagua upande wasiokwenda watalii wengi. Mawe mapana yaliyopasukapasuka, misonobari imeota mpaka ukingoni, maji ya baridi ya kuuma mifupa. Ukasema bahari hii haina makelele ya watu. Maji yalikuwa yanakupwa. Ndipo ukauona mwani.

Wewe uliyekuwa ukifunga miche ya mwani kwenye kamba, mgongo umepinda, ukigombana na jirani yako Bi Mize juu ya nani kasogeza vigingi vya nani, sasa unauona umelala juu ya mawe, mwingi, hauna kamba wala mwenyewe.

"Wa nani wote huu?"

Nikasema wa serikali.

"Serikali haijui kuanika," ukasema. Ukavua viatu, ukakaza kanga kiunoni, ukashuka.

Hukung'oa hata mmoja. Uliokota uliokwishakatika, ukauchambua, mnene huku, mwembamba kule, ukaanza kuutandaza kwenye jiwe lenye jua. Jirani zetu juu ya mawe, Mzungu na mkewe, waliacha kula mkate wakakutazama. Mke akatoa kamera. Mimi nikavuta kofia usoni, nikasogea hatua kama kumi, nikawa nasoma kibao cha ndege wa baharini. Nilikisoma mara tatu. Mpaka leo sijui ndege hata mmoja.

Askari wa hifadhi akaja, msichana mwenye kofia pana. Alikuja kwa adabu, na hilo ndilo linaloniuma. Hakuuliza habari za mwani. Alisema mawimbi ya pale huja ghafla na mawe yanateleza, akaniuliza kama yule ni mama yangu.

Nilikuwa nimevaa koti la kazini, lenye jina la wakala wetu wa watunza wazee kifuani. Kiingereza cha kazini kikanitoka chenyewe.

"Hapana," nikasema. "Ni mgonjwa wangu. Akili zimempungua kidogo."

Akasikitika. Akashuka, akakushika kiwiko, akakusemesha polepole na kwa sauti kubwa kama unayeamshwa usingizini, akakutoa mwani mkononi, akikufumbua kidole kimoja kimoja. Ulinitazama juu ya bega lake. Hukumpinga. Ulikuja naye mpaka juu, umebeba viatu vyako.

Ndani ya gari ukauliza, "Umemwambia nini yule mtoto wa kofia?"

"Nimemwambia wewe mgeni."

"Mgeni hashikwi hivyo."

Ukageukia dirishani. Amina, aliyekuwa karibu nami pale kwenye kibao akasikia kila neno, akaniuliza kwa Kiingereza kama kweli unaumwa. Nami nikamjibu kwa Kiingereza, ili usielewe, kwamba ndiyo, kidogo. Uongo wa tatu haukunitoa jasho.

Siku uliyoondoka, pale uwanja wa ndege, nilikuomba radhi kama tunavyoombana kila tunapoagana. Watu wetu wote husema hivyo hivyo, na mzazi hujibu amesharidhia, mizigo ikapimwa. Wewe ukaniuliza radhi ya lipi.

Nikasema, ya yote.

"Yote nimekuridhia," ukasema. "Lakini lipo moja. Ukiwa tayari, niambie."

Nilikupigia simu Jumamosi ngapi baada ya hapo? Nikakueleza theluji, nikakueleza meno ya Amina. Mwezi uliopita aliyepiga ni mdogo wangu Haji, na kwa namna alivyoanza kuniuliza kama nimekaa kitini, nikajua.

Tulikusomea khitma hapa sebuleni. Watu walipoondoka Amina akanifuata jikoni, akauliza kwa Kiingereza chake kama ule ugonjwa wa Maine ndio uliokuua.

Niliweka sufuria chini.

"Bibi yako hakuwa mgonjwa," nikamwambia. "Nilimwonea haya."

Hakunifariji, ana miaka kumi, bado mdogo, hajajifunza. Akanijibu kwa Kiswahili, na huwa hanijibu kwa Kiswahili.

"Mwambie yeye, si mimi."

Basi mama, nilikukana. Mbele ya mtu ambaye hakuwa amekudharau hata kidogo. Nilikudharau peke yangu.

Mwanao, kifungua mimba